Mwaka Nilipomwendesha Bubu

Jumamosi iliyopita tulimzika Mzee Elia Ntandu, kule ng'ambo ya kichaka cha Itigi. Mchungaji alipoita watoto wa marehemu waje kutupa udongo, watoto aliowazaa ni watano, lakini tuliosogea kaburini tulikuwa sita. Wa sita ni mimi. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja, bila shaka mgeni wa huko, anamwuliza mwenzake, "Na huyu mnene ni wa mama gani?" Mwenzake akamjibu kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya chini hata kidogo, "Huyo ndiye aliyemkata mzee mguu." "He! Na wanampa udongo?" "Hebu nyamaza, tuko msibani." Nilitaka kugeuka nimwambie yule mama kwamba mguu aliukata daktari, mimi niliuponda tu. Hilo ndilo jibu nililokuwa nimewapa watu kwa miaka ishirini na kitu, na limenisaidia sana. Lakini nikiwa pale, udongo mkononi, nikaona aibu kulisema tena mbele ya jeneza la mtu aliyejua kwamba si kweli.

Nimerudi nyumbani Singida mjini, nimefunga duka siku mbili, nimekaa kuandika. Mimi naitwa Roda. Nauza nyaya, balbu na soketi, naelekea hamsini, magoti yananisumbua na ulimi wangu unawasumbua wengine. Habari za kwetu Mtinko, nani alimzaa nani, nitaziruka maana hazimhusu mtu. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme, nikapata kazi ya kuendesha gari la vita ambalo ndani yake hamkai mtu. Watu wakinisikia hudhani natania. Siku hizi angalau wanaanza kuniamini, maana magari hayo yamejaa kwenye simu.

Kampuni iliyotuajiri sitaitaja, na hata ningetaka ningeshindwa, kwa sababu jina lake lilibadilika mara mbili kabla hawajafunga virago. Walitoka mbali, wakapiga kambi pembeni ya kichaka cha Itigi kwa sababu moja tu: kichaka kile hakipitiki. Mbuzi akiingia anatoka na manyoya pungufu. Walisema kama mashine yao itapenya pale, itapenya popote, nao wataiuza kwa majeshi. Gari lenyewe lilinifika kifuani, lilitembelea minyororo kama katapila, na juu lilikuwa na shingo ya chuma inayogeuka huku na huku. Kwenye shingo ile walifunga kamera na bunduki ya rashasha, vyote pamoja, ili mwendeshaji akigeuza macho, bunduki nayo igeuke. Risasi zilifungiwa kwenye sanduku na wageni wawili tu ndio waliokuwa na ufunguo, na ziliwekwa siku za shabaha peke yake. Hilo nalisema mapema, kwa sababu hadi leo wako watu Itigi wanaoapa kwamba nilimpiga mzee risasi.

Siku ya usaili tulikuwa wavulana tisa na mimi. Walichora njia kwa chaki kwenye sakafu ya godauni, imepinda pinda, wakatupa kigari kidogo cha kuchezea chenye rimoti, tukipitishe bila kugusa chaki. Wavulana walikwenda mbio kama wanakimbizwa, wakagonga kila mahali. Mimi nilikwenda taratibu mpaka mmoja wao akapiga miayo kwa makusudi. Msimamizi wetu, Injinia Kasimu, mtu mwembamba wa Tanga aliyeishi kwa chai ya rangi, akaniambia, "Wewe binti unaendesha kama umebeba maji kichwani." Nikamjibu, "Nimeyabeba tangu nina miaka sita, bwana." Akacheka, akaandika jina langu. Kasimu alikuwa mtu mwema, na naomba msomaji alikumbuke hilo nitakapofika mbele.

Chumba changu cha kazi kilikuwa kontena. Ndani mlikuwa na feni moja, meza ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu, na televisheni yenye tumbo kubwa nyuma. Picha ilikuja nyeusi na nyeupe, na chenga chenga, lakini ilikuja. Sauti haikuwepo. Nisidanganye, niliipenda kazi ile. Nilikaa na soda yangu pembeni, Bubu, ndivyo tulivyoliita gari lile, yuko kilomita nzima kutoka kwangu anavunja miiba, na mimi sina hata mkwaruzo. Kasimu alikuwa na usemi wake: "Roda, uzuri wa mashine hii ni kwamba hakuna mama atakayeletewa maiti ya mwanawe." Nami niliamini, na hata leo sidhani alisema uongo. Ila bunduki ile ilikuwa imeelekea upande fulani, na upande huo nao kuna watu wenye mama zao, na sisi hatukuwataja hata siku moja tulipokuwa tunakunywa chai.

Aliyeliita gari Bubu ni Mama Zaituni, mpishi wetu. Jiko lake lilikuwa nyuma tu ya kontena, limezungushiwa mabati, hivyo kila neno alilosema nililisikia kuliko nilivyomsikia Kasimu mbele yangu. Alitupikia ugali wa uwele na mlenda, na siku za Jumapili kuku wa kienyeji aliyechemshwa mpaka mifupa inaachia. Kila asubuhi gari lilipita mbele ya jiko lake kwenda kichakani, na kila asubuhi alilalamika. "Limepita hapa! Mimi mtu mzima, nina wajukuu, halijaniambia hata u hali gani. Hili ni bubu hili." Jina likaganda. Akaniwekea na sharti: kama mimi ndiye ninayeliendesha, basi niwe naamkia kwa niaba yake. Basi ikawa mchezo. Bubu akipita jikoni, nikimwona Mama Zaituni kwenye kioo cha televisheni ameshika mwiko, nasema kwa sauti kule ndani ya kontena, "Shikamoo mama!" Naye huko nje, kwa kuwa bati halizuii kitu, anaitikia, "Marahaba mwanangu, haya pita." Kasimu alikuwa anatikisa kichwa tu.

Sasa, kwetu Mtinko mtoto wa kike hamwamkii mtu mzima amesimama wima kama mlingoti. Unakunja goti. Shangazi yangu alikuwa na kifimbo chembamba, ukisahau anakugusa nacho nyuma ya goti, na lenyewe linakunjika. Ukishafundishwa hivyo, hufikirii tena. Mdomo ukisema shikamoo, goti limeshafika. Nikiwa nimekaa kwenye kiti haikuwa na madhara.

Kiti kiliondoka mwezi wa nane. Mabosi walileta rimoti mpya ya kuvaa, ili askari aweze kutembea nayo. Kilikuwa kisanduku kizito chenye mkanda, unakining'iniza shingoni kinakaa tumboni, na mbele yake vimechomoza vishikio viwili. Ukivipandisha, gari linakwenda mbele. Ukivishusha, linarudi nyuma. Wakasema tuanze kukizoea tukiwa tumesimama. Basi nikawa nasimama mbele ya ile meza ya chuma, macho kwenye televisheni, vishikio vimepita kidogo juu ya ukingo wa meza. Hakuna aliyeona tatizo. Mimi mwenyewe sikuliona.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Njia aliyoifungua Bubu kichakani tulikuwa tumeiwekea vibao vya kukataza watu, ila vibao viliandikwa Kiingereza, na Mzee Elia alikuwa amepita kichaka kile kwenda kwenye mizinga yake ya nyuki tangu kabla sijazaliwa. Nilikata kona nikamkuta. Mtu wa makamo ya uzee, kofia ya pama, ndoo ya asali mkono wa kushoto, amesimama katikati ya njia. Nikasimamisha gari. Nikainua kamera nimwone uso, na bunduki nayo, kwa sababu imefungwa pale pale, ikainuka ikamtazama uso. Mungu wangu, sikuwaza hilo hata kidogo. Mimi niliona mzee tu. Naye hakukimbia. Aliweka ndoo chini, akanyoosha mgongo, akatulia. Kusimama kule nilikujua. Kila aliyekulia huku kwetu anakujua. Ni kusimama kwa mtu mzima aliyekutana na mdogo wake njiani, naye anasubiri aamkiwe.

"Shikamoo," nikasema, peke yangu ndani ya kontena. Na goti likakunjika.

Kisanduku kilishuka pamoja nami. Ukingo wa meza ukavidaka vishikio vyote viwili kwa chini, ukavipandisha mpaka mwisho. Kwenye kioo niliona kofia, kisha majani, kisha mbingu. Nikashtuka nikavishusha kwa nguvu, gari likarudi nyuma, na picha ilipotulia mzee alikuwa chini, amekumbatia mguu, mdomo uko wazi. Alikuwa anapiga kelele. Nilimwona anapiga kelele, na ndani ya kontena hakuna sauti isipokuwa ya feni. Nilikaa nikimtazama hivyo sijui muda gani. Kasimu akaingia mbio. "Kuna nini?" Nami, bila hata kufikiri, nikasema, "Mawasiliano yamekatika."

Maneno mawili tu. Nimekutana na watu waliodanganya mambo makubwa wakalala usingizi, mimi ya kwangu yalikuwa maneno mawili na yamenikaba mpaka leo. Kasimu alichukua gari akaenda, lakini hakumkuta. Vijana wawili wa mzee, waliokuwa wanakuja nyuma na mizinga mipya, walikuwa wamekwishambeba kwenda kwake. Jioni ile ripoti ikaandikwa: mtu aliingia eneo lililozuiwa, mawasiliano yakapotea. Kila mtu akala chakula chake. Mama Zaituni alipika maharage, nakumbuka, na nilikula.

Siku zilizofuata kampuni ilipeleka gari kwa mzee mara tatu, pamoja na barua ya pole, ili apelekwe hospitali. Mara tatu alikataa. Habari hizi sikuambiwa na mtu, nilizisikia kupitia bati, Mama Zaituni akiongea na mama aliyekuwa akituletea maziwa. "Mguu umevimba, umeanza kubadilika rangi," akasema mama wa maziwa. "Lakini hataki. Anawauliza, nani alikuwa ananitazama? Wao wanamwambia hakuna mtu, ni mashine. Naye anawajibu, mashine ina haja gani ya kunitazama usoni?" "Na ni kweli," akasema Mama Zaituni. Kisha nikasikia anaacha kuchambua mboga. "Huku kwetu zamani kulikuwa na simba wa kutumwa, ulisikia? Mwenyewe yuko kwake, ametulia, simba anakwenda kuua kule. Kesho yake mwenye simba anakuja msibani, analia na wenzake, anakula na wenzake." "Ndiyo hilo mzee analosema," akajibu yule mama. "Anasema jeraha la kutumwa haliponi mpaka aliyetuma atamke kwa mdomo wake. Hospitali hatakwenda mpaka huyo mtu aje." "Atakufa basi." "Atakufa."

Sikuamini simba wa kutumwa wakati ule na siamini leo. Lakini niliacha kula. Nilihesabu sababu za kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri: nitafukuzwa, nitashtakiwa, kambi nzima itafungwa, watu watakosa kazi kwa ajili ya goti langu. Na mchana nikiwa kwenye kontena nilikuwa na wakati mgumu zaidi, kwa sababu kila nikikata ile kona nilikuwa namwona amesimama, ananisubiri. Siku zikapita tisa. Naziandika hapa kwa sababu siku tisa hizi ndizo kosa langu. Kukunja goti hakukuwa kosa.

Siku ya tisa asubuhi nilimfuata Kasimu kwenye hema lake. Alikuwa na chai yake. "Injinia," nikasema, "mawasiliano hayakukatika." Akaweka kikombe chini polepole. "Najua," akasema. "Mashine inaandika kila unapogusa vishikio. Nimejua tangu jioni ile ile." Tulikaa, yeye ananitazama, mimi natazama kikombe. "Nilikuwa nasubiri uje," akasema, "na pia nilikuwa naomba usije. Nina watoto wanasoma, Roda." Nikamwambia nakwenda kwa mzee. Akasema haya, nichukue gari na dereva. Nikamkatalia. Kwetu ukimwaga damu ya mtu, hata kwa bahati mbaya, huendi kwa gari, hutumi barua, hutumi mjomba. Unakwenda kwa miguu yako, mchana, watu wakuone, na ukifika unatamka kosa mlangoni kabla hujapewa hata maji. Kasimu, mtu wa pwani, alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi ujue mimi sijakutuma," akasema. "Ndiyo, injinia. Sijatumwa na mtu." Akanipa chupa yake ya maji, kisha akageuka upande wa pili, akajifanya anatafuta karatasi.

Nilipita njia ile ile ya Bubu. Nilikuwa nimeipita mara nyingi mno, nilijua kila kona na kila kisiki. Lakini kumbe ni mlima! Kwenye kioo ilikuwa tambarare. Kumbe ina mbung'o, kumbe ina miiba inayorudi usoni baada ya kuisukuma, na kumbe ina harufu, maua fulani meupe yanayonukia mpaka kichwa kinauma. Miezi saba nilikuwa mwenyeji wa mahali nisipopajua. Nilipofika kwenye ile kona nilikuta kofia ya pama bado iko pale, imekanyagwa na mnyororo. Nikaiokota, nikaikung'uta, nikaendelea nayo.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya tope na bati, ukumbi wake umefagiliwa vizuri. Mkewe, Mama Daudi, alikuwa anapepeta uwele uani. Akaiona kofia mkononi mwangu, akaacha kupepeta. Hakuniuliza kitu. Mzee alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba chumba cha mbele, mguu umefungwa kanga, na harufu ya mguu ule ilinipokea kabla yake. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa ananitazama, macho yameingia ndani kwa homa.

"Naitwa Roda, ni Mturu mwenzako, wa Mtinko. Mimi ndiye niliyekuwa nakutazama."

Nikamweleza yote, nimesimama pale pale. Kontena, meza, kisanduku, goti. Nilifika kwenye yale maneno mawili, mawasiliano yamekatika, nikayasema pia, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kilio cha kijinga cha makamasi. Mzee alisubiri nimalize.

"Siku ile," akasema, "nilipoona limesimama, nikasema moyoni, kama ndani yake kuna mtu, ataniamkia. Kama hamna mtu, basi nimekwisha." Akapumzika kidogo. "Ukasemaje?"

"Nilisema shikamoo."

"Mbona sikusikia?"

"Halina mdomo, baba."

Alifumba macho muda mrefu mpaka nikaogopa. Mama Daudi alikuwa amekuja amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Kisha mzee akafumbua.

"Marahaba," akasema. "Mama Daudi, mpe mtoto maji. Halafu waite vijana wanibebe, twende hospitali."

Nilikula kwao mchana ule, ugali na mlenda, wakati vijana wanafunga machela, kwa sababu Mama Daudi alisema sitatoka bila kula na alikuwa na sauti isiyojadiliwa. Tulifika Itigi jioni. Kesho yake daktari akaukata mguu chini ya goti. Akatuambia bila ukali wowote kwamba kama mzee angeletwa wiki ile ya kwanza, pengine vingeondoka vidole viwili tu. Nilikuwa nimesimama korido, Mama Daudi yuko pembeni yangu. Alinishika mkono akaubana sana. Sikujua kama ananifariji au ananiumiza, na sikuthubutu kuuvuta. Kwa hiyo, yule mama wa msibani alikuwa na haki. Nilimkata mzee mguu, na niliukata kwa kunyamaza.

Kazi niliachishwa kwa barua ya mistari mitatu. Kushtakiwa sikushtakiwa, mzee mwenyewe aliwaambia polisi kwamba shauri lake limekwishasemwa nyumbani. Nilipaswa kurudi Mtinko. Badala yake, mzee alipotoka hospitali na magongo, nikaenda kwake kumwuliza nifanye nini. Nilidhani ataniambia nilete kondoo, na kondoo nilileta, ndiyo desturi. Lakini alikuwa anawaza mizinga yake. Vijana wake walikuwa wanarudi mgodini, msimu wa asali unakuja, na yeye hapandi tena mti. "Wewe una miguu miwili," akaniambia. "Utapanda."

Weee! Wanawake kupanda mizinga? Kijiji kizima kilicheka. Wazee wawili walikuja kumkanya, eti nyuki watahama. Akawajibu, "Nyuki hawajaniuliza mimi nimevaa nini miaka yote hii." Basi ndivyo nilivyomaliza mwaka ule. Mzee Elia anakaa chini ya mti kwenye kigoda, gongo mkononi, ananielekeza. "Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu! Panda. Panda tena. Simama hapo. Sasa nyoosha mkono, taratibu, taratibu, kama umebeba maji." Hilo la maji sijui alilitoa wapi, sikuwahi kumwambia. Niliumwa na nyuki mpaka uso ukavimba, Mama Daudi akawa ananiita kibuyu. Na nikiwa kule juu, nimekumbatia tawi, nasikiliza sauti ya mtu aliye chini, nilikuwa nacheka peke yangu, kwamba sasa mimi ndiye ninayeendeshwa kwa mbali. Tofauti ni kwamba nikiteleza, yeye chini alikuwa anapiga ukelele kabla yangu. Kila akitaka kunitania alisema, "Huyu mtoto alinikanyaga mara mbili. Ya kwanza kuniamkia, ya pili kuniaga." Alisema hivyo mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, na hata kwenye harusi yangu.

Kampuni ilifunga kambi kabla ya mvua. Kasimu alinitumia salamu na ile soda niliyokuwa napenda. Bubu waliondoka naye kwa treni, amefunikwa turubai juu ya behewa la wazi, na siku hiyo mzee alitaka kwenda stesheni kumwona. Tulisimama kwenye kokoto, yeye na magongo yake, mimi na uso wangu wa nyuki. Behewa likatupita polepole, shingo ya chuma imechomoza chini ya turubai. Mzee akalisindikiza kwa macho mpaka likaishia. "Umeona?" akasema. "Hata leo limepita hivi hivi, bila salamu." Kisha akaomba twende tukanywe chai.

Mpwa wangu ananionyesha kwenye simu magari kama yale, siku hizi madogo, yanakwenda mbio, yanapigana vita vya nchi za watu. Anapenda, ni kijana. "Shangazi, ona, hakuna hata askari mmoja!" Huwa natazama naye. Yeye anatazama gari. Mimi natazama yule mtu aliye mbele ya kamera, mdogo, ana chenga chenga, anayesimama kidogo kabla ya kukimbia. Najua mahali fulani kuna kijana mwingine amekaa kwenye chumba na feni, na soda pembeni, naye si mtu mbaya. Ningependa kumwambia kitu, ila sijui lugha yake.

Basi Jumamosi zamu yangu ilifika. Daudi, mtoto wake mkubwa, ndiye aliyenivuta mkono kuniingiza kwenye mstari, akasema, "Roda, usitucheleweshe." Kwenye jeneza waliweka kofia ya pama, ile ile, alama ya mnyororo bado iko. Nikatupa udongo wangu. Watu walitegemea nipishe wengine, lakini nilikuwa nimekutana na mtu mzima, na yeye, kama kawaida yake, alikuwa ametulia anasubiri. "Shikamoo, baba," nikasema, kwa sauti, wote wakasikia. Nikakunja goti, hili bovu, mpaka chini. Safari hii mikononi sikuwa nimeshika kitu.